Ngazi Aliyoikwangua: Maisha ya Marehemu Daudi Kisilu Muthoka (1944–1999)

Karatasi hii imeandikwa na inasomwa na Jecinta, dada mdogo wa marehemu, hapa Majimboni, Shimba Hills, leo Jumamosi tarehe 21 Agosti 1999. Marehemu alimchagua mwenyewe, akiwa bado na ulimi wa kusema, na akampa sharti moja: "Dada, usinipake mafuta. Sema ya ngazi." Kwa hiyo mliozoea mazishi ambayo kila maiti huwa malaika, leo mtuvumilie. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na huyu alitaka achutame mbele ya watu wote.

Daudi Kisilu Muthoka alizaliwa tarehe 4 Machi 1944 huko Kilungu, Ukambani, mtoto wa pili wa marehemu mzee Muthoka na marehemu mama Mbithe. Mwaka wa 1955 baba yake alisikia kwamba Shimba Hills kunagawiwa mashamba. Akauza mbuzi, akapakia watoto kwenye gari la moshi hadi Mombasa, na kutoka hapo wakaja kwa lori lililobeba mbao. Baba alipoanza kusimika nguzo za nyumba ya kwanza, Kisilu aliokota kijiti, akaichora nyumba ile mchangani na kuitia milango miwili. Baba akamwuliza, "Wa pili wa nini, sisi tuna mali gani?" Akajibu, "Tembo akisimama mbele, sisi tutatokea wapi?" Baba alicheka mpaka akakaa chini, lakini mlango akautoboa. Mwaka uliofuata tembo walikuja kula mahindi, wakasimama mbele ya nyumba kama wageni wanaongoja chai, na familia nzima ikatokea nyuma.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Majimboni, akaendelea Kwale, na kuanzia Januari 1962 hadi Desemba 1963 alijifunza kuchora ramani za majengo katika chuo cha ufundi mjini Mombasa. Herufi zake zilikuwa nzuri mno. Hakuna harusi iliyofanyika kijijini hapa kati ya mwaka huo na mwaka jana ambayo kadi zake hazikuandikwa na Kisilu, na hakuwahi kumtoza mtu. Wengine mlioko hapa mlimwandikisha kadi mbili, na mke wa kwanza hakujua mpaka leo. Basi, hayo si ya leo.

Tangu Februari 1964 alikuwa mchora ramani katika ofisi ya ujenzi Kwale, na huko alikaa miaka ishirini na minne. Alichora madarasa, zahanati, nyumba za walimu, majosho ya ng'ombe, na vyoo vya stendi ya Lunga Lunga. Kazi zote hizo zilikuwa za chini tu, hakuna hata moja iliyopanda juu. Mwaka wa 1988 alistaafu mapema, akafungua ofisi yake ndogo Ukunda, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa na meza moja, taa moja na kiti kimoja cha mgeni. Mgeni wa pili alisimama.

Alimwoa Syovata katika kanisa la hapa tarehe 19 Desemba 1970. Zawadi yake ya posa ilikuwa ramani ya nyumba watakayoishi, iliyochorwa kwa wino, ikiwa na chumba cha wageni, kibaraza, hata mahali pa mtungi wa maji. Syovata aliitazama kwa makini, kisha akauliza kwa upole, "Na nitapikia wapi?" Alikuwa amesahau jiko. Kwa miaka ishirini na minane na ushei, kila walipogombana, Syovata alimaliza ugomvi kwa maneno hayo hayo, "Wewe uliyesahau jiko!" Mungu aliwajalia watoto wawili, Muindi na Winrose.

Sasa tufike kwenye jengo. Mwaka wa 1996 mfanyabiashara wa Ukunda, Mzee Mwinga, alitaka kujenga ghorofa barabarani. Chini ingekuwa benki, ghorofa ya kwanza ofisi, ya pili na ya tatu fleti kumi na moja za watu kuishi. Kisilu alikuwa na miaka hamsini na miwili, na hakuwa amewahi kuchora ngazi ndefu kuliko ya kupandia barazani. Alichora usiku na mchana. Benki aliipa kuta nene za mawe na nguzo saba zenye kivuli, ili wanaopanga foleni wasiungue jua. Fleti alizipa roshani zenye matofali ya matundu, upepo upite hadi jikoni. Safari hii jiko hakulisahau. Na jambo alilojivunia kuliko yote ni kwamba jumba lilikuwa na njia mbili. Mbele waliingia wenye shughuli na benki. Nyuma, upande wa uwanja wa kuanikia nguo, palikuwa na ngazi pana ya wapangaji, yenye kona ya kugeuza kitanda au jeneza bila kumwinamisha mtu. Alikuwa akisema, "Benki ina saa za kufunga. Watu hawana."

Bwana wa usalama wa benki alipoiona ramani, aliweka kidole juu ya ngazi ya nyuma. "Mlango wa nyuma ni mlango wa mwizi," akasema. Kama ngazi hiyo ipo, benki haiingii. Mzee Mwinga naye akasema, "Fundi, benki isipoingia, mimi sijengi. Amua wewe."

Kisilu aliamua. Alhamisi tarehe 11 Julai 1996, dada yake huyu anayesoma alimpelekea chakula cha muthokoi ofisini, akamkuta ameinama na wembe mkononi. Wino wa ramani haufutiki kwa raba, hukwanguliwa kwa wembe, polepole, mpaka karatasi ibaki nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Alikuwa anaikwangua ngazi ya nyuma, ghorofa baada ya ghorofa. Wapangaji wangepandia ngazi ndogo ya mbele, ile iliyokuwa ya ofisi tu, ambayo mlango wake ni geti la chuma ubavuni mwa benki.

"Watu wa juu watatokea wapi?" dada akauliza.

"Watatokea mbele, kama watu wengine."

"Na geti likifungwa?"

Alipuliza unga wa wino mezani na kuomba chumvi.

Miaka mitatu baadaye, kitandani, ndipo alipojibu. Alisema, neno moja baada ya jingine: "Nilitaka ghorofa yangu, Jecinta. Nilikuwa nimechoka kuchora vyoo. Nikajiambia nitairudisha baadaye." Ndiyo hivyo. Hakuhongwa wala hakutishwa. Alitaka kuliona jina lake kwenye kitu kirefu, na kwa tamaa hiyo akawafungia watu njia. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka lisomwe hivi.

Lakini dhamiri ilimsuta kidogo hata siku ile. Alibakiza vistari vitatu kwenye ukuta wa nyuma, kimoja kila ghorofa. Vilikuwa ni linta, ile mihimili ya zege inayokaa juu ya mlango. Mwashi wake, Mwero, alishangaa. "Fundi, linta ya nini pasipo mlango?" Kisilu akamwambia, "Wewe weka. Chini yake ziba kwa matofali, na saruji usiitie nyingi."

Jumba lilifunguliwa Jumatatu tarehe 1 Desemba 1997. Kulikuwa na utepe, soda na hotuba. Kila mtu alisifu nguzo saba. Wapangaji ndio waliogundua mapema wanakaa wapi. Geti la ngazi lilikuwa na kufuli ya benki. Lilifungwa saa tatu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na lilifungwa kila gari la pesa lilipokuja, iwe dakika kumi au saa nzima. Mama aliyeacha maziwa jikoni akishuka dukani, aliyasikia yakiungua akiwa nje. Watoto walichelewa shule. Walinung'unika, wakazoea, kama watu wanavyozoea kiatu kinachobana.

Ijumaa tarehe 12 Juni 1998, katika fleti ya ghorofa ya tatu, alifariki Mzee Mwarandani, baba wa mpangaji mmoja. Kisilu alikwenda kuwapa pole, na kwa ujirani mwema akatoa bega kulibeba jeneza, maana walitaka wamfikishe msikitini kabla ya swala ya Ijumaa. Kwenye kona ya ngazi jeneza halikugeuka. Ilibidi waliinamishe, miguu juu kichwa chini, huku wanaume wakimwomba marehemu radhi. Walipofika chini wakakuta geti limefungwa. Katana, askari wa benki, amesimama upande wa pili na ufunguo mfukoni.

"Mzee, nisameheni. Gari la pesa liko mlangoni. Amri ni mtu asitoke."

"Huyu si mtu tena, ni maiti," akasema Kisilu.

"Hata maiti, mzee. Nisameheni."

Walisimama dakika hamsini na jeneza mabegani, kwenye ngazi isiyo na mahali pa kulitua. Adhana waliisikia. Maiti akazisubiri pesa zipite. Jasho likiwatiririka, mtoto wa marehemu akasema kwa uchungu, bila kujua nani yuko mbele yake, "Sijui ni mjinga gani aliyeichora ngazi hii."

Kisilu akajibu, "Ni mimi."

Geti lilipofunguliwa, swala ilikuwa imekwisha na watu wametawanyika, na Mzee Mwarandani akaswaliwa na safu moja tu ya wanaume.

Kisilu alirudi nyumbani kwa Syovata, hakula, akasema, "Mchora nyumba asiyethubutu kulala ndani yake ni tapeli. Tunahamia kule. Sitoki mpaka ngazi ya nyuma ijengwe." Syovata alilia, akamtukana, akamkumbusha jiko. Haikusaidia kitu. Tarehe 1 Julai 1998 walihamia fleti nambari tisa, ghorofa ya tatu, wakaacha shamba hili na hewa yake kwa jirani.

Tuseme ukweli, yalikuwa maisha ya kizimbani. Syovata, aliyezoea kutoka nje kwa hatua moja, alikuwa akikaa roshani akipenyeza vidole kwenye matundu ya matofali. "Nimeolewa na mtu wa shamba, nimeishia kuku wa mayai," alimwambia wifi yake. Kisilu aliandika barua. Kwa Mzee Mwinga aliandika sita, kwa benki tano, zote kwa zile herufi nzuri. Mwinga alijibu kwamba yeye hana neno, mkataba ni wa benki. Benki ikajibu kwamba yenyewe haina neno, jumba ni la Mwinga. Danadana hiyo iliendelea miezi minane. Wapo waliomcheka, wakisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Aliwasikia, na alikubaliana nao.

Jumanne tarehe 9 Machi 1999 kiharusi kilimwangusha akiandika barua ya kumi na mbili. Mkono na mguu wa kulia vilikufa, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Alipotoka hospitali, sisi ndugu tulitaka aletwe hapa Majimboni. Akakataa. Alikazana kututamkia, jasho likimtoka: "Nikishuka... nani... atawakumbusha?" Basi wanaume wanne wakampandisha kwa kiti, wakimwinamisha kwenye kona ile ile. Hakushuka tena akiwa hai. Kitanda chake kiliwekwa karibu na mlango wa fleti, kikielekea ukuta wa nyuma mwisho wa ushoroba, penye linta. Aliujua ule ukuta kwamba ni mlango, na kwa miezi mitano alilala akiutazama. Sisi tuliokuja kumwona tulimletea maembe na habari za vijijini, tukatazama saa, tukashuka kabla ya geti kufungwa. Inauma kuyakumbuka hayo.

Jumapili iliyopita, tarehe 15 Agosti, saa kumi na mbili asubuhi, kiharusi cha pili kilimjia. Askari wa zamu ya mchana alikuwa hajafika, na amri ya benki ni kwamba kufuli haifunguliwi mpaka askari wawili wawepo. Katana alikuwa peke yake. Syovata alishuka mara nne kumwomba. Mara ya nne aliketi tu chini, akashika vyuma. Katana akafungua. Amri aliivunja saa kumi na mbili na nusu, akapanda mwenyewe kumbeba. Walifika kwenye kona ya ghorofa ya pili, na hapo Kisilu akamtazama Katana, akatamka neno moja, "Umefungua." Akakata roho mikononi mwake, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Daktari wa Msambweni alisema huenda asingepona hata angefika mapema. Huenda. Neno hilo ndilo linalotunyima usingizi. Katana amefukuzwa kazi. Yuko hapa, ameshika jeneza upande wa kulia, na ndugu yeyote atakayemnyooshea kidole atagombana na Jecinta.

Jumatano Mwero hakumwomba mtu ruhusa. Alikwenda na nyundo na vijana wake, akatoboa ukuta wa nyuma chini ya linta zote tatu. Kazi ilichukua asubuhi moja tu, kwa sababu saruji ilikuwa kidogo. Nje ya matundu yale akasimika jukwaa la miti ya mvinje lenye ngazi pana ya mbao. Kona yake inageuza kitanda. Jioni ile watoto wa fleti kumi na moja walipanda na kushuka mpaka wakaitwa kwa majina. Alhamisi ikaja barua kwamba ngazi hiyo ing'olewe na ukuta uzibwe Jumatatu, tarehe 23, saa mbili asubuhi. Safari hii imetiwa sahihi na wote wawili, benki na Mzee Mwinga. Kumbe kukubaliana wanaweza.

Barua ilisomwa hapa nyumbani jana mbele ya wazee. Wengine walishauri wakili, wengine walishauri subira. Ndipo Syovata akauliza, "Matanga ya mume wangu yako wapi?"

"Ni hapa, wifi. Hapa nyumbani kwake," Jecinta akamjibu.

"Kwake ni kule alikofia. Mikeka ipelekwe kule, itandikwe kwenye ngazi ya Mwero, kutoka chini mpaka juu."

"Wifi, si wewe uliyelia kila siku utolewe kule? Sasa umetoka. Kaa, pumzika."

"Nililia kwa sababu nilifungiwa. Safari hii naingia mwenyewe." Akaomba kanga yake.

Mzee Mwinga uko hapa, tumekuona, na tunakushukuru kwa kuja. Wewe ni mtu wa Pwani kama sisi, na unajua kwamba matanga hayafukuzwi, wala hayana siku ya mwisho mpaka mwenye msiba aseme yamekwisha. Mwenye msiba amesema yatakwisha siku ngazi ya chuma itakapokamilika mahali pa ile ya miti, na ramani yake ikiwa na sahihi yako. Hatuna ugomvi nawe. Tutakupikia chai.

Marehemu ameacha mjane, Syovata, watoto, Muindi na Winrose, wajukuu wanne, dada, Jecinta, fundi wake, Mwero, na watu sitini na watatu wa ghorofani Ukunda, ambao aliwakosea na akaomba waandikwe hapa pamoja na jamaa zake.

Bwana ampokee Kisilu na kumpa raha ya milele. Matanga yanaanza Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, ngazi ya nyuma, Jumba la Mwinga, Ukunda. Kila mtu aje na mkeka wake.